Mlango Tuliouchonga Penye Theluji

Mbaruku tulimzika Alhamisi baada ya alasiri, na siku ya tatu, kwenye hitima yake, nikakutana naye tena. Nilikuwa nimekaa barazani na wazee wenzangu wa Kibokoni, Mombasa, masinia ya biriani yamekwisha kuondolewa, mara Mwanakombo, binti yake mkubwa, akatoka ndani amekumbatia picha kubwa yenye fremu ya kioo. Ndani ya picha alikuwa Mbaruku wa miaka ishirini na mitatu, amevaa suruali pana ya hariri (picha haionyeshi rangi, lakini mimi najua ilikuwa nyekundu), kilemba kikubwa mfano wa kikapu chenye unyoya wa mbuni, na kitara cha bati kiunoni. Nyuma yake, theluji. "Ami Omari," Mwanakombo akaniambia mbele ya watu, "wewe ulikuwa naye Ulaya. Hebu waeleze hawa walivyomvika baba nguo za kifalme." Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Mungu amrehemu," nikaomba maji ya kunawa, na hali mikono nilikwisha kunawa.

Siku tuliposhuka Kilindini, Mbaruku aliniomba nisiseme maadamu yu hai, nami nilimpa ahadi. Nimeitimiza zaidi ya miaka arubaini. Nimemsikiliza akisimulia harusini na misibani jinsi alivyokuwa mlinzi wa heshima wa hoteli kubwa, nikanywa kahawa yangu kimya. Sasa amekufa na ahadi imekwenda naye. Zile hazikuwa nguo za kifalme. Watoto wake wakiyasoma haya wataudhika, na waudhike. Mimi nilimpenda baba yao kuliko wanavyoipenda picha ile.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Mimi na Mbaruku tulikuwa mafundi wa kuchonga milango, na karakana yetu ilikuwa chumba kimoja cha chini, kichochoro cha pili kutoka msikitini, mlangoni chenga za mbao zimefika kifundoni. Watu walikuja kwetu kwa ajili ya mkono wa Mbaruku. Nalisema hili wazi kwa sababu hitimani hakuna aliyelisema. Mimi nilijua kuunga, kupiga randa, kusimamisha fremu isiyotikisika, lakini ua la Mbaruku ungedhani limeota lenyewe kwenye ubao. Asubuhi moja akaja Mzungu mnene wa shingo, Bwana Anton, mtu wa Uswisi aliyewahi kulima kahawa Tanganyika, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha vibarua. Alikuwa anataka kuung'oa mlango wa nyumba jirani aununue. Mwenye nyumba, mjane wa makamo, alimjibu kutoka dirisha la juu: "Mwambieni mlango wangu hauuzwi, na akitaka kuingia abishe hodi kama watu!" Ndipo akaja kwetu. Tukaandikiana kwa karatasi: mlango mmoja wa mti mgumu wa mbambakofi, mbao mbili za kufunguka, fremu yake na kizingiti cha juu, kwa ajili ya hoteli yake iliyo milimani kando ya ziwa, mahali matajiri wanapokwenda msimu wa baridi kuteleza juu ya theluji. Mbao tukazichague wenyewe bandarini Shimanzi, lakini kuchonga tukachonge kulekule, kwa sababu alitaka wageni wake watuone tukifanya kazi. Hapo ndipo ningeshtuka, nami sikushtuka. Nilikuwa kijana, na nilikuwa naitaka theluji hiyo niione kwa macho yangu.

Tulifika mchana. Tulikuwa tumesafiri kwa meli hadi bandari ya Italia, kisha kwa gari la moshi siku mbili, tumevaa makoti mazito ya jeshi yaliyobaki kutoka vitani, masikio yanatuwaka kwa baridi. Mbele ya hoteli palikuwa na uwanja mweupe, tambarare, usio na mti wala kibanda, na watu wanatembea juu yake na mbwa wao. Mbaruku akauliza, "Uwanja mkubwa hivi, mbona hawajajenga?" Bwana Anton akacheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo maji," akasema. "Ziwa. Kanyaga tu." Hatukukanyaga siku hiyo. Chumba chetu kilikuwa darini, chini ya paa, kina vitanda viwili vya chuma na jagi la maji ambalo asubuhi tulilikuta limeshika ngozi ya barafu, na ilibidi tuivunje kwa ngumi ndipo tutawadhe. Lakini kioo cha dirisha! Asubuhi ya kwanza kilikuwa kimeota majani meupe, marefu, yamepindana, yana mishipa kabisa. Mbaruku akajifunga blanketi, akachukua penseli na karatasi ya kufungia sabuni, akakaa mbele ya kioo kile mpaka jua likakiyeyusha. "Tazama, yakhe," akaniambia, "huyu aliyechora hapa kafunzwa na nani?" Majani yale ndiyo yaliyoingia kwenye mlango. Sijayaona kwenye mlango mwingine wowote, wala sidhani yapo.

Wageni walipanda mlimani asubuhi wamebeba mabegani mbao mbili ndefu nyembamba zilizopinda ncha, ambazo wenyewe huziita ski, wakashuka nazo zimefungwa miguuni, mbio kama mawe yaliyorushwa. Jioni walikunywa na kucheza muziki. Sisi tulikula jikoni, mwisho wa meza ndefu ya wafua nguo na waosha vyombo. Nyama hatukuigusa hata siku moja, kwa kuwa hatukujua nani kaichinja na nyingi ilikuwa ya nguruwe. Tulikula viazi vilivyomiminiwa jibini ya moto, mayai, mkate mweusi mgumu uliohitaji meno ya punda. Mlo tulioupenda ulitoka kwa Josefu, mzee mwembamba aliyekuwa akitengeneza ski za hoteli. Yeye alitoboa tundu kwenye barafu ya ziwa, akavua samaki wadogo wa fedha, akatuletea. Tulikuwa na kopo la pilipili ya kusaga na bonge la ukwaju kutoka nyumbani. Tukawachoma, tukawapaka, tukampa mmoja. Akapiga chafya mara tano, machozi yakamtoka, akanyoosha mkono aongezwe.

Mwanzoni tulichonga katika ukumbi wa mbele, karibu na jiko kubwa la kuni, na wageni walitusimamia na vikombe vyao. Kiingereza nilikuwa nakijua. Wakati wa vita nilifanya kazi kwa maofisa wa manowari Kilindini. Wao hawakujua kama najua. Siku moja mwanamke mrefu wa nywele fupi akamuuliza mwenzake kama sisi tulikuwa watu huru au Bwana Anton ametununua. Mwenzake akasema hajui, lakini ni wasafi sana. Nikainua uso kutoka kwenye ubao nikawaambia kwa lugha yao, "Hata nyinyi ni wasafi, mama." Yule wa nywele fupi akabadilika rangi, akaondoka, na kwa wiki nzima akawa akiniona anatazama upande mwingine. Mbaruku alinilaumu: "Utatuponza na ulimi wako." Nikamwambia ulimi wangu haukuandikwa kwenye ile karatasi.

Siku ya nne ubao wa mwimo wa kulia wa fremu ukalia, pwa! kama bunduki. Ulikuwa umepasuka shubiri nzima kwa joto la jiko. Mbambakofi umezoea hewa ya bahari, na hewa kavu ya ukumbi ule ilikuwa inaunyonya kama kiu. Josefu alikuja mbio, akaushika, akaunusa, akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Kisha akatuashiria tubebe kila kitu tukaweke katika ghala lake la ski, lililokuwa na baridi na unyevu, na mvuke wa sufuria aliyokunjia mbao zake. Tukaziba ufa kwa kabari na gundi, na tangu hapo tukachonga ghalani, watu watatu, kila mmoja na kazi yake. Zilikuwa siku njema. Laiti zingeendelea hivyo, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini ghalani wageni hawakuwa wakiingia, na Bwana Anton alitaka tuonekane.

Akaja na sanduku la kadibodi, akalimwaga juu ya benchi. Suruali, kilemba, unyoya, kitara cha bati, vyote vinanuka dawa ya nondo. "Wageni nataka kuona nyinyi," akasema. "Mmoja chonga. Mmoja simama nje mlango ya mbele, saa sita mpaka saa kumi. Fungua, funga, inama kidogo. Kesho anza."

"Nani asimame?" nikamuuliza.

"Wewe. Wewe refu."

Niliinua ile suruali, nikaitazama mbele na nyuma. "Bwana Anton, mimi nimekuja kuchonga mlango. Kusimama mlangoni hatukuandikiana."

"Mimi lipa wewe."

"Unalipia mlango."

Akaninyooshea kidole. "Kama hapana vaa, wiki ijayo gari ya moshi. Wewe na huyu. Mlango maliza Josefu."

"Basi na tupande gari la moshi," nikasema, nikaikunja suruali vizuri, nikairudisha sandukuni. Nilidhani mambo yamekwisha. Ndipo Mbaruku, ambaye muda wote alikuwa ameinamia ubao wake, akaweka patasi chini, akajifuta vumbi, akalichukua lile sanduku. "Nitavaa mimi," akasema.

Tulipopanda darini nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mwenzake. Nilimwambia ametuvunjia heshima, mimi na yeye na kila fundi aliyetufunza.

"Heshima ya nani?" akanijibu. "Nyumbani Rukia ana mimba ya miezi sita. Nirudi nimwambie nini? Kwamba nilifukuzwa kazi kwa ajili ya suruali?"

"Si suruali, Mbaruku."

"Ni suruali, Omari. Nitaivua saa kumi."

Tangu hapo hatukuzungumza, isipokuwa salamu, na salamu yenyewe ya kutimiza faradhi. Karibu wiki tatu. Mimi nilichonga peke yangu ghalani, nafuata michoro yake ya penseli, najua wazi kwamba kila jani nililolichonga lilikuwa hafifu kuliko ambavyo angelichonga yeye. Na yeye, mwenye mkono bora Kibokoni nzima, alikuwa hatua hamsini kutoka kwangu akifungua na kufunga mlango wa zamani wa hoteli, hariri inapeperuka, wageni wanamwekea begani ski zao kama mti wa kutundikia. Walimpiga picha. Mmoja ndiye aliyempa ile iliyotoka hitimani. Nilikuwa nikipita nyuma ya jengo ili nisimwone. Nilijiambia nafanya hivyo ili kumwonyesha kwamba sikubali. Leo nikiwa mzee nakiri kwamba mara nyingine nilipita nyuma ili yeye asinione mimi.

Siku moja mchana nilirudi darini kuchukua tupa nikamkuta kitandani, bado amevaa nguo zile, kilemba kimeanguka sakafuni. Pumzi yake ilikuwa inakwaruza kama randa butu. Nilipomgusa paji la uso niliondoa mkono kwa joto. Aliniita kwa jina la mkewe, Rukia. Nikashuka kwa Bwana Anton ofisini. Akasema daktari wa kijiji huja Jumatatu, nimpe chai. Ilikuwa Ijumaa. Sikubishana naye. Nilipanda tena, nikavaa kanzu yangu nyeupe ya sala na kofia ya kazi ya mkono, kwa kuwa sikutaka waseme aliyeingia ni kibarua, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kulia, ambako hatukuruhusiwa kukanyaga hata zulia. Watu labda sitini, supu imepakuliwa. Nikasimama katikati nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya muadhini, "Mwenzangu anakufa juu ya vichwa vyenu. Ni yule anayewafungulieni mlango. Nani kati yenu ni tabibu?"

Bwana Anton akatokea nyuma yangu akanishika mkono, nikaupokonya. Kisha yule mwanamke wa nywele fupi, aliyeuliza kama tumenunuliwa, akaweka kitambaa chake mezani akainuka. "Mimi," akasema. "Yuko wapi?" Alipanda ngazi zile mbili mbili. Alimvua hariri yote, akaitupa pembeni kwa mguu, akamsikiliza kifua mbele na nyuma. Homa ya mapafu, akasema. Akamtuma mtu mjini kuleta dawa ya sindano, na kwa siku nane akamchoma mwenyewe, asubuhi na jioni, wala hakuwahi tena kwenda kuteleza. Hakuniomba radhi kwa maneno yake ya kwanza, nami sikumwomba kwa yangu.

Siku ya pili Bwana Anton akanifuata ghalani kuniuliza nani atasimama mlangoni. Jua kwamba mlango wa zamani walikuwa wamekwisha kuung'oa asubuhi ile ile, na miimo yetu imesimamishwa. Kilichobaki kilikuwa kizingiti cha juu, na bila hicho mbao mbili hazishikiki. Tundu lilikuwa limezibwa kwa turubai. Nikaweka patasi chini. Nikamwambia hakuna wa kusimama mlangoni wala wa kuchonga, mpaka Mbaruku ahamishwe kutoka darini awekwe chumba cha wageni chenye jiko, na mpaka zile nguo ziondoke machoni mwangu.

"Mimi ita polisi," akasema.

"Mwite. Ila tafuta polisi anayejua kuchonga."

Akamgeukia Josefu, akamwambia kwa lugha yao amalizie kazi, nilielewa kwa ishara ya mkono. Josefu alikichukua kizingiti, akakigeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akachukua patasi yangu kutoka benchi, akanipa, mpini ukiwa upande wangu, akarudi kwenye sufuria yake ya mvuke. Siku tatu upepo uliinua turubai, theluji ikaingia mpaka kwenye zulia la ukumbi, wageni wakanywa chai na makoti. Siku hizo tatu nilikaa nimekunja mikono kando ya kitanda cha Mbaruku. Niliogopa sana, sifichi. Cheti changu cha safari kilikuwa ndani ya kasha la Bwana Anton, na nchi ile sikuwa na mtu. Lakini niligundua kwamba mtu anaweza kuogopa na asitoke mahali alipo. Siku ya nne akaja mhudumu kututeremsha ghorofa ya pili, chumba chenye jiko la vigae na dirisha la kutazama ziwa. Mfungo Sita ulikuwa umeingia, na usiku wa Maulidi ulipofika tukasoma humo humo, Mbaruku ameegemea mito, sauti yake inakatika, mimi naitikia peke yangu sehemu ya watu mia.

Nikamaliza kizingiti. Katikati, ndani ya majani ya kioo cha dirisha, nikachonga kwa herufi za Kiarabu: Kazi ya Mbaruku na Omari, mafundi wa Mombasa. Siku ya kuufungua mlango, Bwana Anton alikusanya wageni akawaeleza kwa Kiingereza kwamba mlango huu umetoka katika jumba la sultani, una umri wa miaka mia mbili, na maandishi yale ni dua ya kuwalinda wanaoingia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, mafuta ya kupakia bado yananinuka mikononi. Nikasema, "Mabibi na mabwana, imeandikwa jina la mwenzangu na jina langu. Na msiuegemee, haujakauka." Yule daktari akaangua kicheko, na wote wakamfuata. Bwana Anton akawa mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Walipotawanyika akanijia. "Wewe toa hiyo jina."

"Toa mwenyewe," nikamwambia.

Kesho yake alitukabidhi vyeti na tikiti zetu. Mhudumu akatuelekeza tupitishe mizigo mlango wa jikoni. Nikamshika Mbaruku mkono, alikuwa mwepesi kama mtoto, tukatoka kwa mlango wa mbele, mbao zote mbili tumezifungua wazi, wala hatukuzifunga.

Ningependa kuishia hapo, maana hapo natoka vizuri. Lakini katika gari la moshi, milima inarudi nyuma dirishani, Mbaruku alinigeukia. "Nikwambie jambo, Omari? Hutakasirika?"

"Sema."

"Siku ile ya lile sanduku, wewe ulikataa kwa kuwa ulijua mimi nitakubali. Ilikuwa lazima mmoja wetu avae. Ukaniachia mimi."

Nikamwambia si kweli, mimi nilikuwa tayari kurudi Mombasa siku ile ile.

"Ulikuwa tayari wewe," akasema. "Mimi hukuniuliza." Akajifunika koti lake usoni akalala, au akajifanya kulala.

Sikumjibu garini, na melini tulifika Bahari ya Sham sijamjibu. Sasa amekufa, na naandika jibu langu ambalo hataliona. Kukataa sikukosea. Aje yeyote leo na sanduku lake, na magoti yangu haya yasiyokunjika, nitamrudishia kama nilivyomrudishia yule, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo mpaka mnizike. Kosa langu lilikuwa dogo kuliko hilo, na limenisumbua zaidi. Kabla ya kufungua kinywa, nilipaswa kugeuka kwenye benchi alikokuwa ameinama, nimshike bega, nimwambie, "Mbaruku, wasemaje?"